Kutoka daladala hadi demo: simu yako na programu zake kwa mtunzi wa nyimbo

Wimbo wangu wa mwisho ulinijia ndani ya daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo. Nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba la juu, mwingine umeziba mfuko wa suruali. Kiitikio kilikuja kizima, kama mtu amenipigia mluzi sikioni. Kabla hatujafika Mtoni kwa Aziz Ali nilikuwa nimeshatoa simu, nikaiweka mdomoni kana kwamba napokea simu ya mtu, nikaanza kuvumisha melodi bila maneno. Mama mmoja aliyekaa dirishani alinitazama kwa huruma. Nadhani alidhani nimepewa taarifa ya msiba.

Nautaja wimbo huo kwa sababu nitautumia kama mfano hadi mwisho wa mwongozo huu, kuanzia ule uvumishaji hadi faili nilizomtumia prodyuza. Sitakutajia programu hamsini. Ukizipakua zote utajaza simu na hutatunga chochote. Na usiamini wanaosema simu imeshakuwa studio. Simu ina kazi mbili kwa mtunzi: kukamata wimbo kabla haujatoroka, na kuufikisha studio ukiwa umeiva. Studio unalipia muda, na nusu saa ya kutafuta ufunguo wa wimbo huku prodyuza anachezea kiti chake ni pesa yako inayoondoka.

Kabla ya kupakua chochote

Pata hedifoni za waya. Zile za blutuzi ni nzuri kusikilizia muziki, lakini kurekodi nazo ni kujitesa, na sababu yake nitaieleza tukifika kwenye kurekodi. Kama simu yako haina tundu la hedifoni, nunua kile kiunganishi kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la chaji.

Acha nafasi ya kutosha kwenye simu, angalau GB 2 au 3. Pakua kutoka Play Store au App Store tu. Najua kuna magrupu yanayorusha programu za kulipia bure, na nimeona simu ya rafiki ikianza kutuma ujumbe wenyewe usiku baada ya kuweka mojawapo. Programu ikiomba ruhusa, jiulize inahitaji nini. Ya kupimia nyuzi za gita inahitaji maiki. Ikitaka na majina ya watu wako wote, ifute.

Hatua ya 1: Kamata sauti papo hapo

Programu muhimu kuliko zote huenda tayari unayo: kinasa sauti cha simu. Kwenye iPhone ni Voice Memos. Kwenye Android kila kampuni ina chake, na kama cha kwako kinakera, Easy Voice Recorder inafanya kazi vizuri bila kulipia. Kitoe kwenye lile folda la vitu visivyotumika, ukiweke ukurasa wa kwanza, pale kidole gumba kinapofika. Ukihitaji kubonyeza mara tano ndipo kianze, kiitikio kitakuwa kimeshachanganyika na wimbo unaopigwa na dereva.

Ukirekodi, fanya mambo matatu. Vumisha melodi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza huwa na kigugumizi. Kisha gonga mapigo kwa kidole kwenye kava la simu huku ukiimba, ili baadaye ujue mwendo uliokuwa kichwani. Mwisho, sema kwa maneno ya kawaida wimbo unahusu nini: "Huu ni wa yule dada wa bandarini, kiitikio, polepole, ngoma zinaingia baada ya neno la pili." Utajishukuru baada ya wiki, maana uvumishaji mtupu ukisikilizwa siku ya nane unafanana na mtu anayeumwa jino.

Halafu ipe faili jina siku hiyo hiyo. Simu huandika "Rekodi 147", na mtu mwenye rekodi 147 zisizo na majina hana hata moja. Mimi naandika mwaka, mwezi, siku, kisha maneno mawili: 2024-08-11 bandari kiitikio. Ukianza na mwaka, faili zinajipanga zenyewe.

Nimejifunza haya kwa maumivu. Niliwahi kuchomolewa simu Kariakoo ikiwa na zaidi ya rekodi arobaini, miaka miwili ya vipande vya nyimbo. Simu nilinunua nyingine. Vipande viwili vitatu nilivikumbuka. Vingine, kama vilimfaa aliyeichukua, basi huko Dar kuna kijana anapata viitikio vizuri vya bure. Tangu hapo kila Jumapili usiku nahamishia rekodi zangu Google Drive, ambako akaunti ya bure ina GB 15, ingawa hizo zinagawanywa na barua pepe na picha zako. Kwa iCloud bure ni GB 5.

Kabla ya kuupenda sana wimbo wako, ujaribu kwa Google. Tangu mwaka 2020 programu ya Google inaweza kutambua wimbo ukivumishiwa: bonyeza alama ya maiki, chagua kutafuta wimbo, vumisha kwa sekunde kumi hadi kumi na tano. Watu huitumia kutafuta nyimbo walizozisahau. Mimi naitumia kinyume: kuona kama melodi yangu "mpya" ni ya mtu mwingine niliyoisikia harusini nikaisahau. Imeshaniumbua mara mbili. Isipoleta kitu si ushahidi kamili, kwa kuwa nyimbo zetu nyingi za zamani hazimo mtandaoni, lakini ni bora kuumbuliwa na simu kuliko na mashabiki.

Hatua ya 2: Andika maneno

Kwa kuandika, Google Keep inatosha kwa vipande na Google Docs kwa wimbo mzima. Docs iwekee ruhusa ya kufanya kazi bila intaneti, la sivyo bando likiisha katikati ya ubeti utabaki unatazama duara linalozunguka. Kisha nenda kwenye mipangilio ya kibodi, uongeze Kiswahili. Gboard, kibodi ya Google, inakitambua. Usipofanya hivyo, "sana" itageuzwa jina la yule mzee wa Krismasi, na "moto" itapewa herufi ya ziada. Gboard pia inaandika ukiongea, kwa Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, na inasaidia sana kwa wale wanaotunga wakitembea. Ila inakosea majina na maneno ya mtaani, kwa hiyo pitia kabla hujasahau ulichosema.

Programu za kutafuta vina zipo nyingi, lakini nyingi zimetengenezwa kwa Kiingereza, na sioni sababu ya kuzilipia. Maneno yetu mengi yanaishia na irabu, vina tunavyo hadi vya kugawa. Tengeneza benki yako mwenyewe: fungua faili moja ya Docs uiite Vina, na kila unapokutana na neno zuri liandike humo na mkato mbele yake. Siku ukitafuta kina cha "ri", usitafute "ri" peke yake, utaletewa hadi "rizki" na "marimba". Tafuta "ri," pamoja na mkato. Yataonekana yale yanayoishia hivyo tu: bandari, sukari, habari, safari, johari. Ujanja mdogo, lakini benki yangu sasa ina maneno mengi kuliko nitakavyoyamaliza.

Kazi ngumu kwetu ni mizani, na hapo programu hazinisaidii, natumia vidole. Hii ni mistari miwili ya wimbo wangu wa daladala:

Nilikuona bandari, umebeba kikapuni
Ndizi mbivu na sukari, na kanga mpya begani

Hesabu: ni-li-ku-o-na-ba-nda-ri, nane. U-me-be-ba-ki-ka-pu-ni, nane. Ndi-zi-mbi-vu-na-su-ka-ri, nane. Na-ka-nga-m-pya-be-ga-ni, nane. Angalia "mpya": ni mizani mbili, "m" inasimama yenyewe, kama katika "mtu". Lakini "ndi" ya "ndizi" ni moja. Hapa ndipo wengi wanapozidisha au kupunguza, kisha studio wanashangaa kwa nini mstari wa pili haukai kwenye biti. Si lazima wimbo wako uwe wa nane kwa nane kama shairi. Mtu wa hip hop atacheka. Ila mistari inayojibizana ikikaribiana kwa mizani, pumzi yako haitakatika kwenye jukwaa.

Jambo la pili ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: ninakuPEnda, banDAri. Pigo zito la ngoma likiangukia "da" ya mwisho, neno linasikika kama limeimbwa na mgeni. Nyimbo nyingi za kanisani zilizotafsiriwa zina ugonjwa huu, melodi ilikuja na lugha yake, maneno yetu yakalazimishwa kuingia. Na wakati mwingine maana yenyewe inahama: baraBAra ni njia ya magari, baRAbara ni sawasawa kabisa. Kwa hiyo kabla ya kusema ubeti umekamilika, uweke metronomu (programu ya kugonga mapigo ya kufuata) polepole, usome kwa sauti bila kuimba, uone pigo linaangukia wapi. Kwenye Docs naziandika silabi za pigo kwa herufi nzito.

Hatua ya 3: Pata mwendo

Sasa chukua ile rekodi ya daladala ambayo uligonga mapigo. Fungua metronomu. Soundbrenner na Pro Metronome zote mbili zina toleo la bure, na kama hutaki kupakua, andika "metronome" kwenye utafutaji wa Google na itakuletea moja. Kwenye zile za kupakua kuna kitufe cha kugonga: unagonga kufuata mapigo ya rekodi yako, nayo inakuambia namba. Wangu ulitoka 96 kwa dakika. Niliujaribu 92 ukalala, 100 ukawa na haraka ya mtu anayewahi meli. Nikarudi 96. Iandike namba hiyo juu ya ukurasa wa mashairi.

Kama unafanya singeli, mwendo unapita 200 na wengine wanakaribia 300, na metronomu nyingi hazifiki huko. Weka nusu yake. Ya 240 ukiiweka 120 utasikia kila pigo la pili, inatosha.

Kama wimbo wako una mwendo wa chakacha, usiache metronomu kwenye nne kwa nne, yaani kuhesabu mapigo manne manne, ambayo ndiyo huja nayo. Badilisha iwe sita kwa nane. Nimewaona waimbaji wazuri wa Pwani wakidhani hawajui kushika mapigo, kumbe simu ndiyo iliyokuwa inahesabu ngoma nyingine.

Hatua ya 4: Tafuta ufunguo unaokufaa

Ufunguo, au "kii" kama wanavyosema studio, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, ndio unaokula muda wa watu wengi. Pakua kinanda chochote cha simu. Kwa Android nimezoea Perfect Piano, kwa iPhone kinanda cha ndani ya GarageBand. Imba noti ya chini kabisa ya wimbo wako, itafute kwenye kinanda, andika jina lake. Fanya hivyo kwa noti ya juu kabisa. Kama ya juu unaipata kwa kukunja uso, shusha wimbo mzima nusu toni moja au mbili, yaani kitufe kimoja au viwili vya kinanda ukihesabu na vyeusi, ujaribu tena. Usijipime asubuhi ukiwa umetoka kulala, sauti huwa chini na itakudanganya. Jipime jioni, baada ya kuimba kidogo.

Mpiga gita anahitaji pia kipima nyuzi, na GuitarTuna inatosha. Kwa kodi, namaanisha za muziki, noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zile za mapato zina ofisi yake, unaweza kutazama Chordify: unaipa wimbo uliopo, inakuonyesha kodi zinazobadilika. Kwa wimbo wa kawaida wa Bongo Fleva inakaribia ukweli. Kwenye dansi, gita zikianza kusukana na sebene likiwaka, inababaika, basi iamini nusu.

Ninayoipenda zaidi kujifunzia ni Moises. Unaiwekea wimbo, inatenganisha sauti ya mwimbaji, ngoma, besi na vyombo vingine, kisha unaweza kupunguza mwendo au kushusha ufunguo. Toleo la bure lina kikomo kwa mwezi, kwa hiyo chagua wimbo unaotaka kuusoma kweli. Zima sauti ya mwimbaji, acha besi na ngoma, sikiliza. Utashangaa nyimbo unazozipenda zina vitu vichache kiasi gani. Hicho ulichotenganisha ni cha kujifunzia tu, usiimbe juu yake ukakitoa kama chako.

Wanakwaya wana njia yao. Kama unaandika sauti nne na unataka waimbaji wapate karatasi ya nota, programu ya Flat inakuruhusu kuandika nota kwenye simu na kuzisikiliza. MuseScore watu huitaja sana, lakini ile ya simu ni ya kusomea na kupigia nota. Kuandika kwa maana halisi ni kwenye kompyuta, na huko ni bure. Ukimaliza, andika pia "Do = G" au ufunguo wowote ulioko juu ya karatasi. Wapo waimbaji wengi wazuri ambao mistari mitano haiwaambii kitu lakini do-re-mi wanaisoma kama gazeti.

Hatua ya 5: Rekodi demo

Demo ni rekodi ya mfano ya kumsikilizisha prodyuza. Hapa unahitaji programu ya kurekodi sauti moja juu ya nyingine. Mwenye iPhone aanze na GarageBand, ni ya bure na ni nzuri, asitafute mbali. Mwenye Android, au mwenye wenzake wa simu tofauti, aanze na BandLab. Ni bure, ina ngoma, vinanda, metronomu na kipima nyuzi ndani yake, na kazi inahifadhiwa mtandaoni, simu ikipotea wimbo upo. Unaweza kumwalika mwenzako aliye Mombasa au Muscat akaongeza gita kwenye mradi huo huo. Ubaya wake ni bando, na ule upande wa kutazama nyimbo za watu wengine, ambao utakula saa nzima kabla hujaimba.

FL Studio Mobile ni ya kulipia mara moja. Inafaa anayetengeneza biti kuliko anayeimba. Faida yake kubwa ni kwamba studio nyingi za kwetu zinafanya kazi na FL Studio ya kompyuta, ile ambayo ilianza mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na mradi wa simu unaweza kufunguliwa humo. Lakini kama hujui utaitumia mwaka mzima, baki na BandLab kwanza.

Chumba ndicho kinachoamua zaidi kuliko programu. Usirekodie bafuni, vigae vinarudisha mwangwi ambao hakuna prodyuza atakayeutoa. Kabati la nguo likifunguliwa, ukaimba ukiwa umelielekea, ni bora kuliko vyumba vingi. Tundika blanketi nyuma yako. Zima feni. Weka simu kwenye hali ya ndegeni baada ya programu kufunguka, vinginevyo shangazi atapiga katikati ya ubeti ulioupatia. Nyumba ya bati na masika haviendi pamoja, wewe mwenyewe unajua. Mimi narekodi saa tano za usiku, mtaa umetulia na jogoo hawajaanza.

Simu isimame kwenye kitu, usiishike mkononi, maana kila kidole kinasikika. Umbali ni kama shubiri moja kutoka mdomoni, na mdomo uwe pembeni kidogo ya maiki, usiielekee moja kwa moja. Herufi "p" na "b" zinapuliza, na nyimbo zetu za mapenzi zimejaa "p". Jaribu kuimba sehemu ya juu kabisa na uangalie kipimo cha sauti. Kikifika rangi nyekundu, rudi nyuma nusu hatua. Sauti ndogo inaweza kukuzwa, iliyopasuka haishoneki.

Sasa hedifoni. Sauti ya blutuzi inachelewa kukufikia. Unasikia pigo likiwa limeshapita, unaimba ukilifuata, na ukicheza ulichorekodi unakuta umebaki nyuma kama mtu aliyekimbilia boti ya Kigamboni ikiwa imeondoka. Si kwamba hujui muziki. Hata kwa waya simu nyingine za Android zina uchelewaji mdogo, na BandLab ina sehemu ya kuurekebisha kwenye mipangilio. Jaribio rahisi: washa metronomu ndani ya programu, piga makofi kufuatana nayo huku ukirekodi, kisha tazama mchoro wa sauti. Makofi yote yakiwa nyuma ya mistari kwa kiasi kilekile, kosa ni la simu na unaweza kuivuta ile traki, yaani ule mstari wa sauti uliyorekodi, mbele. Yakiwa mengine mbele mengine nyuma, kosa, samahani, ni lako.

Fuata mpangilio huu. Fungua mradi mpya, andika 96, au namba yako, na ufunguo, kabla ya kurekodi chochote. Weka ngoma moja rahisi ya kukuongoza. Weka kodi, hata kwa vidole viwili. Kisha imba wimbo mzima mara moja, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama hata ukikosea. Hiyo ni traki ya mwongozo, na itakuonyesha kitu ambacho vipande haviwezi: kwamba ubeti wa pili ni mrefu mno, au kwamba kiitikio kinachelewa kuja. Wangu ulikuwa na ubeti wa pili unaozungumzia bei ya ndizi kwa mishororo minane. Nilikata minne papo hapo.

Baada ya hapo ndipo unarekodi sauti ya kweli, ubeti kwa ubeti, kila kipande kwenye traki yake. Kwenye kiitikio ongeza sauti ya pili, na ukiweza ya tatu. Madoido yawe machache. Mwangwi kidogo unakupa moyo wa kuimba, ukizidi unaficha makosa ambayo ulipaswa kuyasikia.

Na otochuni? BandLab inayo, unachagua ufunguo na ngazi, inakusukuma kwenye noti iliyo karibu. Kwa Bongo Fleva sina ugomvi nayo, imeshakuwa ladha. Lakini anayeimba taarab ya asili asiiguse. Makamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, kama rast zina noti zinazokaa katikati ya vitufe vya kinanda: rast ikianzia C, noti ya tatu iko kati ya E bapa na E. Otochuni inaiona kama kosa, inaisukuma upande mmoja, na ule utamu unaomfanya msikilizaji anyanyuke kwenda kutunza unageuka kuwa wimbo wa shule. Hata kipima nyuzi kitakuonyesha mshale umekwama katikati, kama senti hamsini kutoka kila upande, na nusu toni nzima ni senti mia. Uache ukwame. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 hakukuwa na mashine ya kumnyoosha.

Ukimaliza, toa faili ya WAV, ile kubwa yenye ubora kamili, na nyingine ya MP3, ndogo iliyobanwa. Usihangaike na zile programu za kung'arisha sauti, hii ni demo.

Hatua ya 6: Tunza, kubaliana, tuma

Hesabu ya nafasi: WAV ya traki moja isiyo stirio, kwa ubora wa CD, ni kama MB 5 kwa dakika, stirio ni kama MB 10. MP3 ya kilobiti 320 ni chini kidogo ya MB 2.5. Wimbo wa dakika nne wenye traki nane za WAV zisizo stirio unakaribia MB 170. Ndiyo maana nilisema uache nafasi.

Kwa prodyuza mimi natuma folda yenye vitu vinne: MP3 ya demo nzima, WAV ya sauti peke yake bila ngoma, mashairi yenye namba ya mwendo na ufunguo juu, na ile rekodi ya kwanza kabisa. Kupata sauti peke yake, nyamazisha traki nyingine zote kisha toa faili upya. Zote zianzie sekunde sifuri, hata kama sauti inaingia sekunde ya ishirini, ili zikiwekwa pamoja zikae bila kutafutana. WhatsApp inafaa, lakini tuma kama nyaraka. Usicheze wimbo kwenye spika ukairekodia kama ujumbe wa sauti, nimepokea za namna hiyo, zinasikika kama zimetoka ndani ya mtungi.

Kabla ya kutuma, maliza habari ya mgawo. Aliyeweka gita ana fungu gani? Biti ni ya nani? Ile iliyoandikwa "bure" YouTube mara nyingi ni bure hadi siku utakapoanza kuingiza pesa, soma maelezo ya mwenyewe. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ujumbe mmoja wa WhatsApp ambao kila mmoja amejibu "nimekubali". Kisha usajili kazi yako kwenye ofisi ya hakimiliki: Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO. Faili zako zenye tarehe, kuanzia uvumishaji hadi demo, zinasaidia kuonyesha wimbo ulikua mikononi mwa nani.

Wimbo wa bandari ulichukua saa moja na nusu studio, pamoja na chai. Prodyuza alisikiliza demo, akaimba ubeti mmoja nami, akauliza swali moja tu kuhusu besi. Kisha akafungua ile faili ya nne, ya daladala, ambayo niliitia kwenye folda kwa mazoea. Akaisikiliza mara tatu. Kwa hiyo usifute rekodi zako za mwanzo hata kama zina kelele: wimbo sasa unaanza na injini ya daladala, konda anaita "Kariakoo, Kariakoo", na mimi chini yake, navumisha kama mtu aliyefiwa.